Fedha za Mteja si za Wakili
Msikilizaji wetu wa Mlola, tuseme unauza shamba, na mnunuzi amemkabidhi wakili shilingi milioni 8 azishike hadi uhamisho ukamilike. Fedha hizo si zake. Mahali pake ni akaunti ya wateja, mbali na ile anayolipia pango la ofisi na mshahara wa karani.

Karani naye humfungulia kila mteja leja yake. Mwisho wa mwezi, jumla ya masalio ya leja zote ilingane na daftari la fedha na taarifa ya benki. Hapo ndipo madudu huonekana: benki inaonyesha milioni 20, ukadhani mambo shwari, kumbe leja zinadai 28. Milioni 8 zilizopelea zina mwenyewe, na huenda ni wewe.

Kwa hiyo dai risiti, kisha uliza fedha zimewekwa akaunti gani. Wengi wetu tunamwonea haya mtu wa joho, sijui kwa nini. Akikuzungusha, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kamati hiyo inaweza kumsimamisha wakili, hata kumfuta kwenye orodha.