Jua lipo, fedha imelipwa, mbona giza?

Hivi karibuni nililala Arash, wilayani Ngorongoro. Mwenyeji wangu, mzee mwenye boma, ana paneli ya umeme wa jua juu ya bati. Jua liliwaka mchana kutwa. Usiku ulipoingia, taa hazikuwaka. Nikadhani betri imekufa.

"Hapana, mwandishi," akaniambia mzee. "Betri imejaa. Fedha nimelipa kwa simu tangu juzi. Lakini kisanduku hakijaambiwa."

Ndani ya kisanduku kile mna laini ya simu. Hupeleka taarifa kwa kampuni iliyokikopesha: betri ina chaji kiasi gani, umeme umetumika kiasi gani. Kampuni hurudisha jibu: huyu amelipa, fungua, yule hajalipa, funga. Mtindo huu wa kulipa kidogo kidogo ulienea baada ya Watanzania kuzoea kutumiana fedha kwa simu; M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008. Basi mtandao ukipotea, jibu halifiki, na nyumba hubaki gizani.

Mwaka huohuo wa 2008, kampuni ya Enphase ya California ilianza kuuza kifaa kiitwacho mikroinveta. Hufungwa nyuma ya kila paneli, kikageuza umeme wa aina ya betri uwe kama huu wa TANESCO. Pia hutoa taarifa: paneli hii sasa inazalisha wati ngapi. Taarifa hiyo haihitaji waya wa pili. Hupita katika waya uleule wa umeme.

Nieleze kwa lugha ya redio. Umeme wa majumbani hutetema mara 50 kwa sekunde. Ujumbe wa mikroinveta hupita kwa masafa ya juu zaidi, kama stesheni mbili zinavyopita hewani bila kugongana. Kipokezi kilichofungwa karibu na meinswichi husikiliza masafa hayo, hukusanya taarifa, kisha huzipeleka kwa intaneti hadi kwenye simu ya mwenye nyumba. Chaja mbovu ikichomekwa jirani huleta mikwaruzo, na taarifa hupotea. Ndiyo maana fundi mzuri hukipa kipokezi waya wake peke yake.

Lakini sikilizeni jambo moja. Taarifa ikipotea, paneli haigomi. Inaendelea kuzalisha umeme. Kilichokatika ni habari tu.

Sisemi mzee wa Arash anunue mikroinveta. Kwa kawaida kifaa hicho hutegemea gridi, na gridi ikikatika nacho huzima, ili mafundi walio kwenye nyaya wasipigwe na umeme. Ninachotaka tujifunze ni ule mpango wake: habari njia yake, umeme njia yake.

Wala sidai umeme wa bure. Mkopo ni mkopo, na mkopeshaji lazima ajue kama amelipwa. Lakini tunayo Luku, tuliyoizoea miaka mingi. Unalipa, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, umeme unawaka. Baadhi ya vifaa vya umeme wa jua hufanya vivyo hivyo. Mtu anaweza kupanda kilima akapata mtandao, akaandika namba zake kwenye karatasi na kurudi nyumbani. Kisanduku hakina miguu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kununua kifaa cha namna hii, iwe kwako mjini au kwa wazazi kijijini, usiulize bei peke yake. Muulize muuzaji: mtandao ukipotea siku tatu, taa zitawaka? Namba ya malipo naweza kuiingiza kwa mkono? Hali ya betri naweza kuisoma hapohapo nyumbani? Akibabaika, funga pochi yako.

Usiku ule wa Arash tulikula kwa mwanga wa tochi ya simu yangu, chini ya paneli iliyoshinda juani.