Umeme ukikatika, kidole kwa Mbarali

(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana, Mbeya)



Nataka nimzungumzie Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wengi hamumjui. Kazi yake ni maji, na sehemu kubwa ameifanya kwa kompyuta: unaipa mvua, maji yaliyoingia bwawani, yaliyopotea kwa jua, yaliyofunguliwa kwenda kwenye mitambo, halafu unalinganisha na kilichotokea kweli.

Sasa, sisi wa Mbeya huu wimbo tunaujua. Mtera ikipungua, mgao ukianza, kidole Mbarali. Mkulima wa mpunga kamaliza maji, mfugaji kaharibu Ihefu. 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao. 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Nani alikokotoa?

Kashaigili na wenzake Yawson, Kachroo na Mtalo walikokotoa. Waliichukua Mtera ya megawati 80 pamoja na Kidatu ya 204 iliyo chini yake, wakairudia kwenye modeli ile shida ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikaonekana uendeshaji wa bwawa lenyewe nao una la kujibu. Machibya, Lankford na Mahoo nao, mwaka 2003, wakauliza kama huo ugomvi wa maji kati ya mpunga na umeme ni wa kweli au wa kufikirika.

Jamani, simsafishi kila mtu. Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993, na mifereji yetu ina mchango. Hiyo ni kesi ya viboko na samaki. Mtera inajazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, na maji ya kiangazi tunayogombania ni kidogo sana ukilinganisha na hayo. Kesi mbili, mshitakiwa akafungwa kwa zote.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo hapa ndo panaponiuma. Septemba 2018 Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu: ukitoa takwimu za kupinga za serikali, faini isiyopungua milioni 10 au jela miaka 3. Wangekuwa wanachapisha mwaka huo je? Kosa hilo liliondolewa Juni 2019, baada ya kelele nyingi.

Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, liko Rufiji, na Ruaha Mkuu unamwaga hukohuko. Siku likipungua, mnajua nani ataitwa.

Tusisubiri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ijibu ndani ya siku 30. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa hapo. Tunaomba kina cha Mtera cha kila siku na kiasi kilichofunguliwa, kwa miaka 10. Barua ninayo hapa mezani. Anayesaini aje na kitambulisho, maana sheria imesema raia tu.