Kakao Ipimwe Chanjani, Isingoje Ghalani

Msikilizaji, mvua ya Kyela haina simile na kakao. Mkulima wa Ipinda au Matema anavuna, anavundika mbegu kwenye masanduku siku tano, sita, kisha anazianika. Adhuhuri wingu linashuka kutoka Milima ya Livingstone, mbio kufunika chanja kwa turubai. Baada ya siku kadhaa anachota mbegu, anakaza ngumi, anasikiliza. Zikilia kikavu, gunia linafungwa, safari ya AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika.

Ngumi hiyo ina uzoefu, lakini haiwezi kutenganisha asilimia 7 na asilimia 9. Na hapo ndipo zao linapopona au kuharibika. Unyevu ukizidi asilimia 8, ukungu unaota ndani ya gunia, na ladha yake haitoki kiwandani hata mbegu zikaangwe vipi. Ukishuka chini ya 6, mbegu zinavunjika.

Tupige hesabu. Gunia la kilo 60 lenye unyevu wa asilimia 10, ukilikausha hadi 7.5, linabaki na kilo 58 na kidogo. Ukipitiliza hadi asilimia 5, unabaki na kilo chini ya 57: kilo moja na nusu umeligawia jua bure. Kipima unyevu, kijimashine cha kushika mkononi, kinakuonyesha pa kuishia.

Atakayesema maji yale nayo yanauzika, akumbuke mfumo wa stakabadhi ghalani. Mzigo wa wengi unakusanywa na kwenda mnadani pamoja. Gunia bichi la mmoja linashusha jina la wote. Bei ikianguka, hata ardhi inaumia: mkakao unakaa na migomba na miti ya kivuli, na mkulima hafyeki mti unaomlipa, bali usiomlipa.

Vipimo vingine vinakuja hadi shambani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kakao iliyolimwa pale msitu ulipofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha. Mkulima aliyetunza miti yake anahitaji nukta hiyo iwe ushahidi wake.

Mizani tumeizoea, Wakala wa Vipimo anaihakiki, nasi tunatazama stika kabla ya kupakia mzigo. Kipima unyevu nacho kihakikiwe, ila kisikae ghalani pekee. Vyama vya msingi vinakata ushuru kwa kila kilo. Sehemu yake inunue vipima unyevu vizunguke vitongojini msimu wa kuanika. Anayeambiwa asilimia 10 akiwa nyumbani ataanika siku moja zaidi. Anayeambiwa ghalani ameshalipa bodaboda, na atalipa tena kurudisha mzigo. Kipimo kinachomfikia mkulima akiwa amechelewa kurekebisha kinamwadhibu tu.