Kiu ya Motokaa Kuukuu

Sisi tuendeshao Land Rover kuukuu katika njia za Mgori twajua kwamba injini nayo huona kiu. Singida iko juu yapata mita 1,500, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Basi kifuniko cha rejeta kikilegea, maji huchemka upesi. Mvuke ukitoka, tusimame; tusikifungue mpaka injini ipoe, maana maji hayo huruka yakaunguza uso. Kisha tutazame mipira, pampu na mkanda wa feni. Tusitie maji ya Ziwa Singidani, kwani chumvi yake hula chuma. Wala tusitie maji baridi injini ingali moto, isije ikapasuka. Kungoja saa moja ni nafuu kuliko kununua injini.