Jiwe la Bagamoyo na Mikono Iliyolichonga



Katika siku hizi za jubilei tumesikia habari nyingi za watu waliotutangulia: waliohubiri, waliofundisha, na waliozikwa hapa. Leo twapenda kusema habari ya kitu kisicho na kinywa, nacho ni jiwe. Kila mgeni ajaye Bagamoyo huonyeshwa majengo ya kale. Walakini ni wachache waulizao jiwe lake lilitoka wapi, nani alilichonga, na kwa nini kuta nyingine zingali zimesimama, na nyingine zimelala chini.

Jiwe letu ni tumbawe, nalo limejengwa na viumbe wadogo wa baharini. Wazee walijua aina zake mbili. Ya kwanza ni jiwe la nchi kavu. Zamani za kale lilikuwa mwamba chini ya maji, kisha bahari ikarudi nyuma, nalo likabaki juu. Hilo ni gumu, lina matundu, wala halichongeki vizuri. Huvunjwa kwa mtaimbo na nyundo, likatiwa ukutani pamoja na chokaa. Ya pili ni tumbawe la baharini lenyewe, likatwalo lingali na maji. Litolewapo ni laini, na fundi huweza kulichonga apendavyo. Likiisha kukauka juani huwa gumu. Kwa hilo walifanya miimo ya milango, vidaka vya ukutani, na mihrabu za misikiti.

Chokaa nayo yatoka katika jiwe lilo hilo. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto. Moto ulipokwisha, mawe yalikuwa yamegeuka chokaa. Ikapata maji, ikaachwa ikae miezi, ndipo ikatumika. Mtu wa haraka hakuweza kazi ile. Hata upana wa chumba ulikuwa na sheria yake. Dari ilichukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ulio salama haukupita sana futi 8 au 10. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: aliyeamua si mwenye nyumba, bali mti.

Mtu akitaka kuiona kazi hiyo ya zamani, na aende Kaole, mwendo wa kilomita 5 hivi kusini ya mji. Huko yako magofu ya misikiti miwili, na makaburi yenye nguzo za mawe. Wataalamu wasema kwamba msikiti ulio wa kale zaidi mwanzo wake ni karne ya 13. Kaole ilikuwa na bandari yake. Mikoko na matope vikaifunga, watu wakapungua. Baadaye Bagamoyo ukakua, na katika karne ya 19 misafara ikashuka hapa kutoka Ujiji na Tabora, ikileta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Ngome na nyumba za wafanyabiashara zikainuka, zote kwa jiwe lile lile. Na katika waliovunja na kubeba mawe katika pwani hii walikuwamo watumwa. Wala hakuna ukuta ulioandikwa jina la mmoja wao. Neno hili tusilisahau tunaposifu uzuri wa milango.

Mwaka wa 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanza misioni pamoja na watu waliokombolewa. Mwaka wa 1872 tufani kuu ikaipiga pwani hii, ikabomoa mengi waliyoyajenga. Hawakuondoka, walijenga tena. Kanisa la kwanza ni la mwaka ule ule wa 1872, na mnara wake ungaliko. Humo ulilazwa mwili wa David Livingstone, tarehe 24 Februari 1874, ulioletwa kutoka bara na Susi na Chuma na wenzao. Kanisa kubwa tunalosalia likajengwa kati ya mwaka wa 1910 na 1914. Nao Wajerumani walijenga Boma lao mwaka wa 1897, ingawa makao makuu ya serikali yao yalikuwa yamekwisha kuhamia Dar es Salaam tangu mwaka wa 1891.

Basi tazameni: msikiti, kaburi, ngome, duka, kanisa na boma, vyote vimetoka katika mwamba mmoja. Aliyenunua watu na aliyewakomboa walijenga kwa jiwe moja. Jiwe halimchagui bwana wake. Sisi ndio tuchaguao la kulifanyia.

Sasa twasema neno lililotuleta hapa. Jiwe hili halijitunzi. Nyumba ya mawe huvaa chokaa kama mtu avaavyo nguo, na nguo ikichakaa hubadilishwa. Paa likivuja, maji huingia kichwani mwa ukuta, huosha chokaa iliyo kati ya mawe, na masika machache baadaye ukuta huanguka. Wako watu wema wanaoona ufa, wakapaka saruji wakidhani wamesaidia. Walakini saruji hufunga pumzi ya ukuta. Unyevu na chumvi hubaki ndani, na saruji ibanduka­po huondoka na uso wa jiwe. Wengine huenda kwenye magofu, wakachukua mawe kujengea msingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Kaole ukianguka hapana atakayeujenga tena.

Tukifuata pwani kusini, kuelekea Dar es Salaam, twafika Kunduchi, penye makaburi ya kale yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Jirani yake ni Wazo, ambako tangu mwaka wa 1966 kiwanda kimechimba jiwe la jamii hiyo hiyo, kikalichoma kufanya saruji. Na huko Kunduchi akina mama wengi wamelea watoto wao kwa kugonga kokoto juani. Hatuwalaumu, chakula cha mtoto hakingoji. Jiwe la nchi kavu tumepewa tulitumie kwa kiasi. Lakini tumbawe lililo hai baharini ni jambo jingine. Lile gumu hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka; kipande cha shibiri moja ni kazi ya miaka ishirini. Ndilo nyumba ya samaki, na ndilo livunjalo mawimbi yasile fukwe zetu. Tusilivunje.

Walimu wetu, twawaomba mwapeleke watoto Kaole, wakaguse kuta kwa mikono yao. Watafuteni mafundi wazee wajuao kuchoma chokaa, mkaandike maneno yao kabla hawajafa nayo. Na ninyi wa parokia zenye majengo ya kale, kagueni mapaa kila mwaka kabla ya masika, na mwiteni fundi wa chokaa kabla ya kununua saruji.

Waliochonga mawe haya hawakutuachia majina yao. Wametuachia kazi yao tu. Tukiitunza, tumewakumbuka, tukiiacha ianguke, tumewazika mara ya pili.