Mapenzi ya Kitoto Si ya Kuchekwa

Juma hili nilikuwa nikipanga kanda za marehemu baba, nikakutana na wimbo "Puppy Love" wa Paul Anka. Jina lenyewe ni la dharau. Ndivyo Waingereza wanavyoyaita mapenzi ya watoto, kana kwamba ni mchezo wa vitoto vya mbwa.

Anka, Mkanada aliyezaliwa Ottawa mwaka 1941, aliutunga kwa ajili ya Annette Funicello, msichana aliyekuwa nyota wa vipindi vya televisheni vya Disney huko Marekani. Wimbo ulipotoka mwaka 1960, mvulana alikuwa na miaka 18, msichana 17. Ni malalamiko ya kijana anayeambiwa na wakubwa kwamba hajui asemalo. Ulifika nafasi ya pili Marekani. Mwaka 1972 Donny Osmond, akiwa na miaka 14 tu, aliurudia, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma matano.

Anka na Annette hawakuoana. Kila mmoja alifunga ndoa kwingine, na Annette akafariki mwaka 2013. Basi wakubwa walikuwa na haki? Ngoja kwanza.

Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, niliandika barua. Niliipamba kwa maua ya kalamu nyekundu, nikainyunyizia poda. Ikaangukia mikononi mwa mwalimu, naye akaisoma paredi, neno kwa neno. Shule nzima ikacheka. Viboko nilivyochapwa nimevisahau. Kicheko kile sijakisahau. Binti wa watu hakunisalimu tena mpaka tulipomaliza shule, nami tangu siku hiyo sikumweleza mtu mzima yeyote jambo la moyoni mwangu, hata pale nilipohitaji sana ushauri.

Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu wa miaka 15 akilia, simu mkononi. Mvulana kamwacha. Nilikuwa na sentensi tayari ulimini: "Wewe mtoto, mapenzi unayajulia wapi?" Nikaimeza. Nikaketi kando yake. Baada ya kimya kirefu akaanza kusema, na katika kusema akaniuliza maswali ambayo, kama nisingekuwapo, angeyapeleka kwa wenzake wasiojua zaidi yake.

Wazazi wenzangu, twapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Masomo kwanza, hilo halina mjadala, na mipaka lazima iwepo. Ila mtoto aliyechekwa haachi kupenda. Anajifunza kuficha tu, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku atakapopata tatizo kubwa kuliko machozi, wewe utakuwa wa mwisho kujua.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.