Taksimu: Kubuni Papo kwa Papo

Twapenda kuzungumza juu ya taksimu. Katika taarabu ya Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, mpiga udi au kanuni pengine hutangulia peke yake kabla ya wimbo. Ngoma hunyamaza. Hana karatasi mbele yake wala mapigo ya kufuata. Ana makamu tu, yaani mpango wa sauti, labda Rasti, labda Bayati. Huondoka katika sauti ya makao, hupanda, huzunguka, akazuru makamu jirani. Walakini lazima aijue njia ya kurudi, kwani mwimbaji amngoja pale. Akipotea, wote watasikia.

Wako wasemao kwamba huko ni kubahatisha. Sisi hatukubali. Huyu amejifunza miaka mingi hata akathubutu. Mama aliyefikiwa na wageni ghafula, naye chunguni ana chakula cha wawili, hufanya vivyo hivyo: hukuna nazi ya pili, akaongeza muhogo, na hakuna agunduaye. (Wageni wenye adabu pengine hugundua, wakanyamaza.)

Na uzi wa udi ukikatika katikati ya taksimu? Nyuzi zake nyingi hufungwa mbili mbili. Mpigaji hubaki na pacha wake, akaendelea.